Orodha Tatu za Kundi Moja: Kisa cha Mashabiki wa Star Trek, Mombasa

Kisa chenyewe

Kundi la mashabiki wa Mombasa lilitaka kuvipanga vipindi vyote vya tamthilia ya kwanza ya Star Trek, kuanzia kilicho bora zaidi hadi kilicho dhaifu zaidi. Waliifanya kazi hiyo kwa mapenzi na kwa bidii, wakapata orodha ambayo karibu kila mmoja wao aliikana usiku iliposomwa. Baadaye walirudi wakabadilisha utaratibu, na safari hii wakatoka na orodha mbili ambazo wanazitetea mpaka sasa.

Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya yeyote anayeongoza kundi la namna hii, liwe la filamu, la riwaya au la mashairi. Hawa hawakuwa watu wasiojua wanachokipenda. Walikijua barabara. Kilichowaangusha ni njia waliyotumia kukusanya maoni yao, na njia hiyo hiyo hutumiwa kila mahali bila kuulizwa maswali. Nimeondoa majina na mtaa, na baadhi ya kazi za watu nimezibadilisha. Maneno ya wahusika nimeyapata kwenye daftari la kundi na kwa kuzungumza nao wenyewe baada ya mambo kutulia.

Usuli

Tamthilia hii ilianzishwa na Gene Roddenberry na ikaanza kuonyeshwa Marekani na stesheni ya NBC tarehe 8 Septemba 1966. Kipindi cha mwisho kilitoka tarehe 3 Juni 1969. Msimu wa kwanza una vipindi 29, wa pili 26, wa tatu 24, jumla 79. Takriban kila kipindi kinasimama peke yake: Nahodha Kirk na wenzake wa chombo cha anga cha Enterprise wanafika mahali, wanakutana na jambo, wanalitatua au linawaachia jeraha. Kwa kuwa kila kisa kina mwanzo na mwisho wake, mashabiki duniani kote wamekuwa wakivilinganisha vipindi hivi kwa miaka mingi. Msimu wa tatu una sifa mbaya kupita yote. Bajeti ilikatwa, na NBC ikauhamishia Ijumaa saa nne usiku, wakati ambao vijana wengi waliokuwa wakiutazama hawako nyumbani. Shikeni habari hiyo ya msimu wa tatu, kwa kuwa ndiyo iliyoharibu nusu ya kazi.

Kundi lenyewe lilikuwa na watu wasiozidi ishirini. Walikutana kwenye sakafu ya juu ya nyumba moja ya Mji wa Kale baada ya sala ya isha, wakatandika mikeka, shuka jeupe likatundikwa ukutani na projekta ikaazimwa kwa jamaa. Kahawa ilikuwa ya dele, na kashata au mabuyu yakaletwa na atakayejaliwa. Watano kati yao wanahitajika katika maelezo haya. Ami ndiye mkubwa kwa umri, aliyeendesha kreni bandarini Kilindini hadi alipostaafu. Bi Nesi ni muuguzi mstaafu. Mwalimu anafundisha hesabu sekondari, Fundi anatengeneza majokofu, na Binti ni mwanafunzi wa chuo, mdogo kuliko wote. Waliobaki wametoka sehemu mbalimbali za mji, wakiwemo wanne wanaokaa Likoni, ng'ambo ya kisiwa.

Vipindi vilitazamwa kwa mpangilio ule ule wa kuonyeshwa mara ya kwanza, viwili kwa usiku mmoja. Watu wa Likoni walikiona cha kwanza kila mara, lakini cha pili mara nyingi walikikosa, maana walikuwa wanawahi feri na matatu za ng'ambo kabla hazijapungua. Msimu wa tatu ulipoanza, Ramadhani nayo ikaingia. Watu wakawa kwenye tarawehe na mikutano ikasimama. Iliporudi baada ya Idi, waliohudhuria walikuwa wachache. Wengine walisema wazi kwamba wamesikia msimu huo haufai, hivyo hawaoni sababu ya kupoteza usingizi.

Duru ya kwanza

Walipomaliza vipindi vyote, walikaa kitako kuamua jinsi ya kupanga. Maamuzi yalikuwa matatu, na kila moja lilikuwa na sababu ya maana.

La kwanza: kila mtu atoe alama kati ya 1 na 10, azitaje kwa sauti, na mwenye umri mkubwa aanze. Hii ndiyo adabu ya baraza, na hakuna aliyeiona kama uamuzi. La pili: mtu ambaye hakukiona kipindi aruhusiwe kukipa alama ikiwa anajua habari zake. Hapa nia ilikuwa njema kabisa, kwani hawakutaka ndugu zao wa Likoni waonekane wageni katika kundi lao wenyewe. Asiyejua lolote angenyamaza. La tatu: alama zijumlishwe, zigawanywe kwa idadi ya waliotoa, na wastani ndio upange orodha. Mwalimu aliwatahadharisha kuhusu hili la tatu, lakini usiku ulikuwa umekwenda na watu wamechoka.

Orodha iliposomwa, juu kabisa palikuwa na "All Our Yesterdays", kipindi cha tarehe 14 Machi 1969, cha mwisho isipokuwa kimoja. Ndani yake Spock, msaidizi wa Kirk, na McCoy, daktari wa chombo, wanatupwa katika zama za barafu za sayari inayokaribia kuangamia, na Spock, ambaye siku zote huuzuia moyo wake, anampenda mwanamke aliyefungwa huko peke yake. Ni kipindi kizuri. Ila kilikuwa kimepewa alama na watu watatu tu, 9, 9 na 10, kwani wengine wote hawakukiona wala hawakuwa na habari zake. "The City on the Edge of Forever", kilichoshinda Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi, mwaka 1968, kilikuwa cha saba. "The Man Trap" na "The Changeling" vilikuwa cha nne na cha tano. "The Trouble with Tribbles", ambacho nusu ya kundi walikicheka hadi machozi, kilizama karibu na nafasi ya hamsini. Mkiani palikaa "Spock's Brain", kikiwa na alama 1 nyingi kutoka kwa watu ambao hawajawahi kukitia machoni.

Ugomvi ulianzia kwenye nafasi ya nne na ya tano. Fundi alisema vipindi hivyo viwili vimepandishwa kwa sababu tu vina Kiswahili. "Kusikia lugha yetu kunafurahisha, Mama, mimi pia nilifurahi," alimwambia Bi Nesi. "Lakini tuliulizwa kipindi kizuri ni kipi." Bi Nesi akamjibu kuwa yeye alitoa tisa na hakufanya makosa. Ami akauliza ni nani aliyekipa kipindi cha Tribbles alama 1, ikadhihirika kuwa ni vijana watatu walioketi pamoja. Walijua upande wa pili ungekipandisha, kwa hiyo wakakikandamiza makusudi. Ami alinyanyuka akaenda zake bila kumaliza kahawa. Mikutano ikakatika kwa muda.

Swali la Bi Nesi

Kilichowarudisha ni Bi Nesi. Alimfuata Ami nyumbani, kisha akamwendea Mwalimu, akiwa na swali moja: "Mimi nilitoa tisa kwa sababu ya Uhura, yule ofisa wa mawasiliano wa Enterprise. Fundi alitoa nne kwa sababu ya hadithi. Hizo tisa na nne mlipozijumlisha mlipata nini?" Mwalimu aliniambia kuwa hakuwa na jibu, na kwamba kwa miaka yote ya kufundisha wastani hajaulizwa swali zito kama hilo.

Walipokutana tena hawakugusa alama. Walilijadili swali hilo usiku mzima, wakianza na "The Man Trap", na yaliyosemwa ndiyo sehemu bora ya daftari lao.

Kipindi hicho ndicho kilichofungua tamthilia hewani. Kuna kiumbe wa mwisho wa jamii yake, anayeishi kwa chumvi na kuua watu ili kuipata kutoka miilini mwao. Anaweza kuonekana kwa sura yoyote, na huchukua ile inayomvuta anayemtazama. Kwa McCoy anakuwa mwanamke aliyempenda zamani. Akikutana na Uhura njiani ndani ya chombo, anakuwa mwanamume mweusi na kumsemesha Kiswahili. Fundi alishikilia kuwa maneno ni machache na matamshi si ya mtu wa pwani. Bi Nesi hakubisha kuhusu matamshi. Alisema: "Huyu mnyama anatega. Kila mtu anamtega kwa kile anachokikosa. McCoy anakosa mpenzi. Huyu binti yuko mbali na kwao, kazungukwa na wasioijua lugha yake, basi chambo chake ni lugha. Hamuoni alivyosimama? Karibu aende naye." Binti ameandika pembeni kuwa baada ya hapo hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Ndipo ikaonekana kuwa hoja ya Bi Nesi ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja unahusu ubora: Kiswahili katika kipindi kile kinafanya kazi ndani ya hadithi, na ubora huo hata mtu wa Norwei angeweza kuukiri akielezwa. Upande wa pili unawahusu wao wenyewe: mwaka 1966 Kenya haijatimiza hata miaka mitatu tangu uhuru wa Desemba 1963, na katika televisheni ya Marekani anatokea ofisa mweusi, mwanamke, ameshika mawasiliano ya chombo kizima, na lugha yake ni hii. Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, amesimulia hadharani kuwa alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, na kwamba Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Bi Nesi aliijua habari hiyo. Kwake uzito wa namna hii haupimwi kwa kuuliza kama hadithi imeshonwa vizuri.

"The Changeling", cha tarehe 29 Septemba 1967, kiliwapa mfano wa upande wa pili ulio wazi zaidi. Chombo kiitwacho Nomad, kilichoharibika akili, kinaifuta kumbukumbu ya Uhura. Anafundishwa upya kusoma Kiingereza, na anapokwama Kiswahili kinamtoka. Tukio hilo liliwagusa wote. Lakini Fundi alikumbusha kuwa kabla kipindi hakijaisha tunaambiwa anaendelea vizuri na karibu atarudi kazini, kana kwamba maisha ya mtu yaliyofutika hujazwa kwa vitabu vya shule katika siku chache. Bi Nesi, ambaye amehudumia wagonjwa waliopoteza kumbukumbu baada ya kiharusi, alimuunga mkono bila kusita. Kwa hiyo kipindi kimoja kilikuwa dhaifu kwa ubora na kizito kwa maana, na walioyasema yote mawili ni watu wale wale.

Maamuzi ya duru ya pili

Waliamua kutengeneza orodha mbili, kila moja ikiwa na swali lake lililoandikwa juu ya karatasi kabla ya mtu kushika kalamu. Ya kwanza iliuliza: kama hadithi, kwa uandishi, uigizaji na utengenezaji wake, kipi kimefanikiwa zaidi? Ya pili: kipi kina uzito kwetu sisi tulioketi hapa, na kwa nini?

Kwa orodha ya kwanza Mwalimu alileta pendekezo la kitaalamu. Wastani urekebishwe kwa kukiongezea kila kipindi kura tano za bandia zenye thamani ya wastani wa jumla, ili kipindi chenye kura chache kisiruke juu. Tuchukue mfano: wastani wa jumla ni 7. Kipindi chenye alama tatu zinazofika 28 kinaongezewa 35, jumla 63, ukigawanya kwa 8 unapata 7.9. Kipindi chenye watu 14 na wastani wa 8.6 kinabaki na takriban 8.2. Cha pili kinapita, kama inavyostahili. Hesabu hiyo ni sahihi na hutumika sana panapopangwa vitu kwa alama za umma. Kundi lilikataa. "Hizo kura tano ni za nani?" Ami aliuliza, na wengi wakawa pamoja naye.

Naona walikuwa na haki kukataa. Tatizo lao halikuwa uchache wa kura, bali uchache wa macho yaliyoona. Hesabu ingeuficha upungufu huo vizuri, na kipindi kisichotazamwa kingebaki hakijatazamwa. Walichagua njia ndefu: vipindi ambavyo chini ya nusu ya kundi walikuwa wameviona, Binti alivitolea orodha, wakachagua vinane kati yake na kuvitazama wote pamoja, mapema, kabla ya magharibi siku za Jumapili, ili watu wa Likoni wawahi. "All Our Yesterdays" kilikuwemo, na "Spock's Brain" kilikuwemo kwa shingo upande.

Baada ya hapo kila mtu alitaja vipindi kumi anavyoona vinastahili, na kumi na viwili vilivyotajwa zaidi vikaingia fainali. "The Menagerie", chenye sehemu mbili, walikihesabu kimoja kwa sababu hadithi ni moja, hivyo vilivyoshindanishwa tangu mwanzo vikawa 78.

Kwa nini wasishindanishe vyote viwili viwili? Vipindi 78 vinatoa jozi 3,003. Vipindi kumi na viwili vinatoa 66. Na hata hizo 66 hazikuhitaji kupigiwa kura moja moja. Kila mtu alipewa karatasi avipange vipindi kumi na viwili kwa namna anavyovipenda, cha kwanza hadi cha kumi na mbili. Karatasi moja kama hiyo ina majibu ya jozi zote 66 ndani yake, maana aliyekiweka kipindi cha tatu amekwisha kusema kinashinda cha nane. Mwalimu na Binti walizisoma karatasi, wakajaza jedwali: kwa kila jozi, wangapi wameweka huyu mbele ya yule. Hii ndiyo njia inayohusishwa na Condorcet, Mfaransa aliyeiandika mwaka 1785.

Karatasi zilijazwa kimya na kukunjwa kabla ya mazungumzo. Mazungumzo yalipoanza, Binti alisema kwanza na Ami akasema mwisho. Ami mwenyewe ndiye aliyeomba iwe hivyo.

Matokeo

Vipindi vitatu vilifika juu na havikuweza kutenganishwa: "Balance of Terror", "The City on the Edge of Forever" na "The Devil in the Dark". Katika jedwali, "Balance of Terror" kilikishinda "The City". "The City" kikakishinda "The Devil in the Dark". Na "The Devil in the Dark" kikakishinda "Balance of Terror". Mwalimu alirudia hesabu, jibu likawa lile lile.

Si kosa la hesabu, na yeyote anayetumia njia hii anapaswa kulijua. Fikiria makundi matatu yaliyo sawa. Wa kwanza, wengi wao watu wa bandari, waliweka "Balance of Terror" mbele, kisha "The City", kisha "The Devil". Hawa waliwaona manahodha wawili wanaowindana, kimoja cha vyombo vyao hakionekani, kila mmoja akiiheshimu akili ya mwenzake huku akikusudia kumuua, na Ami alisema hajaona filamu ya bahari inayojua kusubiri kama hiyo. Wa pili walianza na "The City", kisha "The Devil", kisha "Balance". Walioguswa na Kirk kulazimika kumwacha Edith Keeler afe katika New York ya miaka ya 1930 waliguswa pia na mama wa mawe katika "The Devil in the Dark", anayewaua wachimba migodi kwa kuwa wanayavunja mayai yake, lakini vita vya vyombo haviwavutii. Wa tatu wakaanza na "The Devil", kisha "Balance", kisha "The City", ambacho walikiona kizuri lakini kinategemea mno mapenzi yaliyozaliwa kwa siku chache. Kila mtu ana mpangilio ulionyooka. Kundi zima likiunganishwa, linazunguka.

Mwalimu alisema kuna njia ya kuvitenganisha: pointi kwa nafasi, cha kwanza 11, cha pili 10, hadi cha mwisho 0, njia ya Borda, aliyekuwa mwanamaji na mwanahesabu wa Ufaransa. Akiitumia hiyo, "The City" kingeongoza. Ami alitaka mshindi mmoja na aliikubali njia hiyo ingawa ingekiangusha kipindi chake. Wengi wakakataa, kwa hoja ya Binti kwamba kuchagua njia ya kuhesabu baada ya kuyaona matokeo ni kumchagua mshindi. Vitatu hivyo vikaandikwa kwenye ngazi ya kwanza, bila namba.

Chini yake mambo yalinyooka. "Amok Time" kilikuwa cha nne na "Mirror, Mirror" cha tano. "All Our Yesterdays" kilishika cha sita, nafasi ambayo wale watatu walioking'ang'ania mwanzo waliipokea kwa furaha, maana sasa kimesimama kwa kura za kundi zima. "The Trouble with Tribbles" kilipanda hadi cha nane. "The Man Trap" kiliingia kumi na viwili bora, cha kumi. "The Changeling" hakikuingia. "Spock's Brain" nacho hakikutajwa na mtu hata mmoja, na safari hii wote walikuwa wamekiona.

Orodha ya pili haikuwa na nafasi. Kila mtu alitaja vitatu na kuandika sababu. "The Man Trap" na "The Changeling" vilitajwa na wengi. "Mirror, Mirror" kilitajwa kwa kuwa Uhura ana kazi ya hatari ya kufanya ndani yake na anaiweza. "Plato's Stepchildren" cha Novemba 1968 kilileta maoni yanayopingana. Wengine walikitaja kwa busu la Kirk na Uhura, jambo adimu katika televisheni ya Marekani wakati huo. Bi Nesi aliandika kuwa hakitaji, kwa sababu katika hadithi wote wawili wanalazimishwa na nguvu za watu wengine, na yeye haoni heshima ya kusherehekea pale. Maoni yote mawili yamo kwenye daftari, moja chini ya jingine.

Uchambuzi

Kilichoharibu duru ya kwanza kuliko yote, kwa maoni yangu, ni mpangilio wa kusema. Nimezipitia alama zile: mahali Ami alipotoa tisa, ni nadra sana mtu kutoa chini ya saba, alipotoa nne, tisa hazipo. Binti aliniambia: "Ami akishasema tisa, mimi ni nani niseme nne?" Hakuna aliyemtisha mtu. Heshima ile ile inayowafanya waweze kukaa pamoja, mzee na msichana wa chuo kwenye mkeka mmoja, ndiyo iliyoyakunja maoni. Makala za kigeni kuhusu upigaji kura husema kura iwe ya siri kwa ajili ya kuzuia vitisho. Katika baraza zetu siri inahitajika kwa ajili ya adabu, na karatasi iliyokunjwa inamwezesha kijana kuwa mkweli bila kumvunjia mtu heshima. Uamuzi wa Ami kusema mwisho ulisaidia zaidi ya njia yoyote ya Mfaransa yeyote.

La pili ni alama za masikio. Kumruhusu mtu akipe alama kipindi alichosikia habari zake kulionekana ni ukarimu, lakini kuliingiza sifa za watu wengine ndani ya orodha ya kundi. Msimu wa tatu ulihukumiwa kwa uvumi. Kilichotibu ni kubadilisha saa za kukutana, jambo la usafiri, na si hesabu. Makundi mengi hapa mjini yanapanga saa kana kwamba wote wanakaa kisiwani.

Alama za 1 hadi 10 zenyewe zilikuwa na ila yake. Mwalimu hutoa 7 kwa kitu kizuri sana, kama anavyosahihisha mitihani. Mmoja wa vijana hakutoa chini ya 8 kwa kipindi chochote. Kijana huyo alipoweka 8 na Mwalimu 7, huenda Mwalimu ndiye aliyekipenda zaidi. Kupanga kwa nafasi kunaondoa tatizo hili, kwa sababu wa kwanza ni wa kwanza kwa kila mtu. Pia kunapunguza nguvu ya wanaokandamiza: vijana watatu waliotoa alama 1 waliivuta chini jumla nzima, lakini katika jedwali la jozi karatasi zao tatu ni sauti tatu tu. Hila haikutoweka kabisa. Mtu bado anaweza kukitupa mwisho kipindi anachokiogopa. Faida yake imekuwa ndogo.

Kuna jambo ambalo duru ya pili haikulitatua. Mchujo wa kutaja vipindi kumi unavipendelea vinavyojulikana. Vipindi vinane vya msimu wa tatu vilitazamwa upya, lakini vilivyobaki katika msimu huo havikupata nafasi hiyo, na haiwezekani kusema kama kuna kingine cha aina ya "All Our Yesterdays" kimeachwa humo. Ningeshauri wangepunguza mikutano ya mjadala na kuongeza ya kutazama.

Kuhusu vipindi vitatu vya juu, nasimama na Binti. Wapo watakaosema orodha isiyo na wa kwanza haijakamilika. Lakini jedwali linaonyesha hasa jinsi kundi lile lilivyo, makundi matatu ya ladha yenye nguvu karibu sawa, na mshindi wa kulazimisha angewaambia theluthi mbili ya watu jambo ambalo karatasi zao wenyewe zinalikana. Mwanauchumi Kenneth Arrow alithibitisha mwaka 1951 kuwa, panapokuwa na vitu vitatu au zaidi, hakuna njia ya kuunganisha mipangilio ya watu inayotimiza masharti yote ya haki tunayoyaona ya kawaida. Kundi la Mji wa Kale lililikuta jambo hilo kwenye karatasi, likaliandika lilivyo.

Lililobaki wazi

Wanachama wapya wameanza kuja, na wanauliza kama watapiga kura. Kundi limeamua kuwa orodha hizi zimefungwa, na atakayetaka aanzishe nyingine. Sikubaliani na hilo kwa orodha ya pili. Ile ya ubora inaweza kufungwa, kwani wote walioipigia kura walikuwa katika safari moja ya kutazama. Ile ya uzito inauliza kuhusu "sisi tulioketi hapa", na walioketi wamebadilika. Nimelipeleka pendekezo hilo kwa Bi Nesi. Amesema atalileta mkutano ujao, baada ya kusikia kwanza wageni wenyewe wangetaja nini.